Katibu wa Pointi za Mezani

Nianze na ukweli ambao mtaa mzima unaujua: sijawahi kuupiga mpira ukaenda nilikotaka. Utotoni, wenzangu walipogawana timu, nilibaki wa mwisho, na hata huyo wa mwisho walikuwa wakisukumiana. Siku moja goli letu lilipungukiwa nguzo. Nahodha akanitazama kwa muda, akasema, "Wewe simama hapa." Nikasimama nusu saa nzima. Mpira ukanigonga begani ukatoka nje, wakashangilia, nami nikarudi nyumbani kumwambia mama kwamba nimeokoa bao. Mpaka leo hiyo ndiyo mechi yangu bora.

Ukubwani nikawa fundi cherehani. Nina chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye mashine ya miguu, mashine ya umeme inayofanya kazi ikijisikia, meza ya kukatia, na kioo kirefu kilichopinda kidogo ambacho humpa kila mteja kiuno asichokuwa nacho. Nilikuwa nashona jezi za timu ya mtaa. Siku ya mkutano wao wa uchaguzi nilikwenda kupeleka kaptula tu. Katibu wa zamani alikuwa amehama mji, mwenyekiti akauliza ni nani mwenye kalamu. Mimi nilikuwa nayo sikioni. Nikachaguliwa kwa kauli moja, na nikakikalia kiti hicho miaka kumi na tisa.

Mtu akitaja mpira, watu hufikiria ule wa kwenye televisheni. Jumamosi kibanda cha kuonyesha mpira kilicho mkabala na duka langu hujaa mpaka madirishani, watu wazima na ndevu zao wakitukanana kwa ajili ya timu za miji ambayo hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Hatua mia mbili kutoka hapo sisi tunacheza daraja la nne mbele ya watu arobaini, na kumi kati yao wanakata njia tu kwenda sokoni. Lakini msidharau. Hata daraja la nne lina chama chake cha wilaya, kamati ya mashindano, leseni zenye picha na mhuri, kamishna wa mchezo anayevaa koti juani, na kitabu cha kanuni cha kurasa themanini na nne. Wenzangu klabuni walikitumia kuzuia mlango usijifunge. Mimi nilikisoma chote mara tatu.

Humo ndimo nilimogundua kwamba mpira unaweza kuchezwa na mtu aliyekaa. Kanuni inasema mchezaji akipewa kadi tatu za njano, anakosa mechi inayofuata, na akichezeshwa, timu yake inapokonywa pointi. Ila chama hakimhesabii mtu. Ripoti za waamuzi zinafungiwa kabatini, na haziguswi mpaka klabu ikate rufaa ndani ya saa ishirini na nne tangu filimbi ya mwisho. Kamati nayo inasoma ulichoandika, haikutafutii. Ukikosea mechi au tarehe, rufaa inatupwa na hairudi. Basi nikanunua daftari kubwa, nikaanza kuhesabu kadi za wilaya nzima.

Msimu wa kwanza tu nilileta pointi sita bila mtu kutokwa jasho. Nikaitwa Wakili, nikavimba kichwa. Timu yetu nayo ikaitwa Timu ya Mezani, na hilo nilijitia sikulisikia. Mwaka mmoja wapinzani walikuja na meza kweli, wakaiweka nyuma ya goli letu pamoja na kiti, wakaniambia nikae nidake. Watu arobaini walicheka, na mke wangu alikuwa mmoja wao.

Mke wangu ni mkunga wa zahanati. Mikono yake imepokea nusu ya kikosi chetu, kwa hiyo hakosi mechi. Anakuja na mwavuli, anajua nani amechoka na nani anategea, na jioni ananisimulia mchezo, kwa sababu mimi siuoni. Watu wakipiga kelele za bao, mimi nimeinama naandika namba ya aliyetolewa kadi dakika iliyopita. Nilikuwa katibu wa mpira kama kipofu anavyoweza kuwa mlinzi wa picha.

Mshambuliaji wetu alikuwa mdogo wake, shemeji yangu. Ni fundi wa kuchomelea mageti, ana miaka thelathini na tano, na magoti yake hulia akipanda ngazi. Amecheza daraja la nne tangu ana kumi na sita. Alikuwa na ombi moja tu duniani, na alilitamka kila penye watu wawili: acheze msimu mmoja wa daraja la tatu, hata kwenye benchi, kisha atundike viatu. "Nisafiri na timu kwa basi, shemeji," aliniambia. "Nikalale mji wa watu kwa ajili ya mpira. Mara moja tu."

Msimu huu tukafika pale ambapo hatujawahi kufika. Ikabaki mechi moja, dhidi ya timu ya ng'ambo ya reli, na mshindi anapanda. Katibu wao ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la sita. Miaka sita nyuma nilikuwa nimemnyang'anya pointi tatu kwa sababu leseni ya beki wake ilikosa mhuri, na wao ndio waliokuwa wapande mwaka ule. Aliisoma hukumu mpaka mwisho, akakunja karatasi, akaniambia, "Umesoma vizuri." Tangu hapo nilikuwa nikimwona barabarani navuka upande wa pili.

Mechi tulishinda bao moja kwa bila. Shemeji alifunga kwa kichwa dakika ya themanini, nami nilikuwa nikiandika muda wa mchezaji wa akiba kuingia. Nilipoinua macho, watu wamembeba. Wazee wawili walinikumbatia, mwenyekiti akasema kwa sauti ili wapinzani wasikie, "Leo bila meza." Nilicheza mpaka futi ikanidondoka shingoni. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimetamani kitu kile bila kukiri: ushindi wa kwenye nyasi, hata kama kwetu nyasi zenyewe ni za kuhesabika.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani napiga pasi sare za shule. Mke wangu alipita akielekea kazini, akakaa kwenye kiti cha wateja kunywa chai. Alikuwa na furaha, anarudia msimu mzima bao kwa bao.

"Lakini mimi," akasema, "nililolipenda kuliko yote ni lile la wiki mbili zilizopita. Lile la fulana."

Hilo hata mimi nililiona, na ndilo bao pekee nililowahi kuliona likiingia. Siku hiyo nilitimiza miaka hamsini na sikuwa nimemwambia mtu. Mke wangu aliniita kwa jina langu la utani, nikainua kichwa, na hapo hapo shemeji akapiga shuti la chini, wavu ukatikisika. Hakwenda kwa wenzake. Alikuja mbio mpaka kwenye meza yangu, akainua jezi, na kwenye fulana ya ndani alikuwa ameandika kwa wino mweusi: KATIBU MIAKA 50. Nikalia. Mtu mzima, mbele ya kamishna. Nikaona aibu, nikajifunika uso kwa daftari.

"Na mwamuzi maskini," mke wangu aliendelea, "anatoa ile kadi huku anacheka."

Pasi ilibaki hewani. "Kadi gani?"

"Ya njano. Si alifunua jezi? Nawe baba watoto, ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nyuma ya daftari. Nikalifungua. Ukurasa wa shemeji ulikuwa na kadi mbili, zimeandikwa vizuri, zimepigiwa mstari. Ya tatu haikuwemo. Mechi iliyofuata ile ya fulana ndiyo ya jana. Nilikuwa nimemchezesha mtu mwenye kadi tatu kwenye mechi ya kupanda daraja, mimi niliyewanyonga wilaya nzima kwa kosa hilo hilo. Nyani haoni kundule, walisema wazee, na mimi ni yule nyani aliyekuwa akitembea na kioo mkononi kuwaonyesha wenzake.

Mke wangu aliniangalia usoni, akaelewa. Aliosha kikombe, akakiweka mahali pake, akaenda kazini. Mimi nikaunguza kola ya mtoto wa watu.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu. Filimbi ya mwisho jana ilipulizwa saa kumi na mbili kasoro dakika tano, kwa hiyo ilibaki kungoja mpaka muda huo jioni. Nikajipa moyo: nani mwingine anahesabu? Nilikaa, nikashona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, nikafumua, nikarudia kosa.

Saa tisa alasiri mlango ukatiwa kivuli. Alikuwa Mwalimu, na bahasha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo, Katibu? Nimekuletea nakala yako."

Kanuni inamtaka mkata rufaa ampelekee mpinzani wake nakala na kumwekesha saini kabla ya kuipeleka chamani. Nilimpa kiti. Nikasoma nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitainuka. Ilikuwa rufaa ya kadi tatu. Ya kwanza ilikuwa sahihi, na ya pili pia. Ya tatu aliandika ilitolewa kwenye mechi yetu na timu ya sokoni.

Alikosea. Siku ya mechi ya sokoni shemeji alikuwa nyumbani amefunga barafu kwenye goti.

Naomba mnielewe nilivyofurahi. Hakuna mtu aliyewahi kufurahia kosa la mwalimu wake kama mimi. Kamati ingefungua kabati, ingetoa ripoti ya mechi ya sokoni, isingeona jina la shemeji, na rufaa ingekwenda kwenye pipa. Nilichotakiwa kufanya ni kuandika "Nimepokea" na kutia saini. Sikutakiwa hata kudanganya.

"Vijana wangu wamenisukuma," Mwalimu alisema. "Mmoja ameniambia alisikia kuna kadi tatu, mwingine akasema ilikuwa mechi ya sokoni. Mimi si mtu wa karatasi kama wewe. Hebu nisomee, imekaa sawa?"

"Siyo mechi ya sokoni," nikasema.

Mdomo uliponza kichwa. Sikuwa nimeamua lolote. Kwa miaka kumi na tisa nimesoma barua za watu nikitafuta kosa, na nikiliona, linanitoka lenyewe, kama vile siwezi kupita mbele ya mtu mwenye kifungo kilichoachia bila kumwonyesha.

Bado ningeweza kujiokoa. Ningesema basi hakuna kadi, nimehesabu mwenyewe, naye angeniamini, maana hakuna mtu wilayani asiyeliamini daftari langu. Mwalimu alivua miwani, akaiweka gotini, akangoja. Hakubembeleza. Alingoja kama alivyokuwa akingoja darasani unapokwama kwenye hesabu na yeye anajua unalijua jibu.

Sitaki mnidhanie mtu mwema. Ningekuwa mwema, ningetoka asubuhi nikamfuate mwenyewe ng'ambo ya reli. Kilichonishinda ni kwamba siku ile ya fulana ilikuwa siku yangu. Nusu karne nimeishi, na hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kunikimbilia mimi baada ya kufunga bao. Kuificha kadi ilikuwa ni kusema siku ile haikuwepo, na hilo sikuliweza.

"Ni mechi iliyofuata," nikasema. "Dakika ya sitini na kitu. Alifunua jezi."

"Una hakika?"

"Nilikuwepo, Mwalimu. Alifunua kwa ajili yangu."

Akatoa kalamu, akakata mstari, akaandika juu yake. Hapo ikabidi nimwambie kwamba kamati haipokei barua yenye mkato. Akajaribu kuandika upya, lakini siku hizi mkono wake unatetemeka, herufi zinapanda mlima na kushuka. Saa ikawa saa kumi na nusu. Nikashindwa kuvumilia. Nikamnyang'anya kalamu, nikafuta chaki mezani, nikaandika mwenyewe rufaa ya kuipokonya timu yangu pointi. Nilitaja kanuni kwa namba na kifungu chake kidogo. Kwa kweli ni rufaa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikaisaini "Nimepokea", nikampa, nikamwambia apite njia ya mkato ya posta asichelewe.

Mlangoni akageuka. "Hili nitalisema kwa watu wangu," alisema.

"Usiseme, Mwalimu. Wataniharibia jina."

Hakucheka.

Hukumu ilitoka siku ya tatu. Pointi tatu na mabao matatu kwa timu ya ng'ambo ya reli, nao wakapanda. Mwandiko wangu ulitambuliwa kabla karatasi haijafika mezani, kwa sababu wajumbe wa kamati wameusoma kuliko wanavyosoma barua za watoto wao. Jioni hiyo hiyo klabu ikaitisha kikao cha dharura. Niliitwa msaliti, nikaitwa mzee ovyo, na mmoja aliyekuwa na deni la suruali kwangu akaona ni nafasi nzuri ya kusema sijui hata kushona. Wakapiga kura kunivua ukatibu. Ikapita kwa kauli moja, kama nilivyoingia. Kisha ikaonekana hakuna mwingine wa kuandika muhtasari, wakaniomba niandike mimi. Nikauandika, nikajiondoa kwa lugha safi kabisa, na mwenyekiti akasaini.

Shemeji alikuwepo, amekaa karibu na dirisha. Hakuinua mkono wa kukubali wala wa kukataa, na hakunitazama. Matusi ya wale wengine yalinipita. Kimya chake kilinifuata nyumbani, kikala nami, kikalala katikati yangu na dada yake.

Asubuhi nilikwenda kwenye karakana yake. Alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, anaunga geti kubwa lililolazwa chini. Aliponiona alizima mashine, akainua miwani myeusi kwenye paji la uso. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani. Nilitaka kumweleza habari ya Mwalimu, ya mechi ya sokoni, ya mdomo wangu. Nilifika nusu.

"Dada ameshaniambia," alisema. "Hilo la barua halinisumbui. Kadi ilikuwepo."

"Basi lipi linakusumbua?"

Akachukua nyundo ndogo, akagonga kutu iliyokauka kwenye kiungo, akapuliza.

"Mimi nilikuwa naijua ile kadi, shemeji. Ya kwanza niliipata kwa kuchelewesha mpira, ya pili kwa kubishana, ya tatu ile ya kwako. Nilihesabu tatu. Siku ya mechi nilikuja uwanjani na nguo za kawaida, nilijua sichezi. Halafu ukabandika orodha, nikajiona namba tisa. Nikahesabu tena, nikapata tatu tena. Nikasema, aah, kama shemeji ameniandika, basi mimi ndiye niliyekosea. Nikaenda kuazima viatu."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza jinsi alivyopotea njia.

"Ungeniuliza," nikasema.

"Nikuulize wewe kadi?"

Nilisimama pale. Miaka yote nilitaka watu waniamini kiasi hicho, na nilikuwa nimefanikiwa. Nikamuuliza habari ya mwakani. Akajigonga goti kwa ncha ya nyundo, taratibu, akatikisa kichwa. Mwakani hachezi. Viatu vile vya kuazima alikuwa ameshavirudisha.

Nimeandika rufaa nyingi maishani, na kila moja ilikuwa na neno lake mahali pake. Hii yangu mwenyewe ilikuwa na neno moja tu.

"Nisamehe, shemeji," nikasema.

"Nimeshakusamehe." Akashusha miwani machoni. "Sogea nyuma kidogo, cheche zitakuunguza."